Msitu wa Kulalia

Nyirabageni hajui kusoma, lakini karatasi aliisikiliza
mara tatu, mpwa wake Bigirimana akimsomea,
kabla hajachovya kidole gumba kwenye wino.
"Shilingi elfu nne kwa kila taulo," nikarudia.
Akauliza: "Na taulo ni nini?"

Nikamweleza. Nguo nene ya kujikaushia,
ya kutandika mchangani, Entebbe, Kalangala,
na mbali zaidi, fukwe ambazo mimi pia sijazikanyaga.
Pamba yake imelimwa Kasese bila dawa,
rangi ni udongo, majivu, maganda ya vitunguu,
kamba ya kufungia ni mgomba mkavu,
nailoni hamna, hata uzi.
Niliyasema haya kwa fahari ya mtu
aliyenawa mikono mbele ya mashahidi.
Akatikisa kichwa. "Na hiyo haki uliyoitaja,
mnaipima kwa kilo?"

Alikuwa anachora. Mkaa juu ya ukuta,
ukuta wa nyumba waliyojengewa na kanisa
kwenye shamba la mtu mwingine, mlimani juu ya Kisoro,
ukungu ukiingia mlangoni bila hodi.
Nukta, nukta, nukta: nyuki wanarudi.
Mstari uliopinda: tembo walipita, wakatuachia njia.
Miduara mitatu, mmoja tumboni mwa mwenziwe:
asali, mtoto, moto.
"Anza na wowote," akasema. "Utafika kwa wote."

Pana mahali mkono wake uliruka.
Kati ya mto na mti wa mzinga, upana wa kiganja,
aliuacha ukuta mtupu.
Nikadhani amesahau. Nikaokota mkaa nimsaidie
(aibu hiyo ni yangu, naiandika mwenyewe),
akaudaka mkono wangu kama anavyodakwa mtoto
karibu na chungu kinachochemka.
"Hapo yuko mama. Hapo hapauzwi."

Kutoka kizingitini pake msitu unaonekana,
mweusi, mzito, mwendo wa saa mbili kwa miguu.
Alizaliwa mle. Siku hizi una lango,
una askari, una risiti.
Aliutazama kitambo, midomo ikihesabu jambo.
"Kwa hiyo mtu nisiyemjua atavua nguo,
atalala juu ya msitu wangu, aote jua.
Mimi nikilala humo usiku mmoja, nafungwa."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kalamu.
Akacheka, cheko fupi la puani.
"Basi andika elfu tano."

Nikaandika elfu tano.

Tulichapa mia mbili. Kila moja na nyuki wake,
na njia yake ya tembo, na kiganja chake cha weupe
palepale, kati ya mto na mzinga.
Bigirimana alizihesabu mwenyewe,
akatia alama kwa kila kumi, akakataa chai yangu
mpaka hesabu ikubali.

Mwezi wa saba, taulo moja limerudi.
Posta ya Kabale, kamba ya mgomba imefunguliwa kwa upole.
Na barua ya adabu: wameipenda sana kazi yetu,
wanaunga mkono watu wa asili, wanaunga mkono ziwa,
ila tazameni, hapa wino haukushika.
Je, wanaweza kupata zima?

Nilipanda nalo mlima. Sikujua kwa nini
sikulitia tu kwenye rafu la bei ya chini.
Nyirabageni hakuuliza barua inasema nini.
Alilipapasa kwanza, pindo kwa pindo,
kama anayemkagua mtoto aliyetoka safari.
Akalitandaza kwenye sakafu ya udongo,
akavua malapa, akalala ubavu,
shavu lake pale pasipo na kitu.

Nikatoka nje, nikarudisha mlango.
Mvua ilinikuta hapo, nami sikusogea.